Paulo aliomba mwiba utoke, haukutoka. Tuongee kuhusu nguvu ya Mungu kwa mtu ambaye bado ni dhaifu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mada hii imekaa moyoni mwangu muda mrefu, na leo naiandika yote kwa mkupuo. Ni ndefu. Mwenye nafasi aisome mpaka mwisho ndipo achangie, na mwenye hoja tofauti aje nayo bila wasiwasi, tutajengana.

Kuna aina moja ya ushuhuda tunayoipenda sana kanisani. Mtu anasimama, anasema nilikuwa mgonjwa nimepona, nilikuwa mlevi nimeacha, nilikuwa muoga sasa nina ujasiri. Watu wanapiga makofi na vigelegele, kipaza sauti kinarudi kwa mtumishi, ibada inaendelea. Sina neno na shuhuda hizo. Mungu anaponya, na nimeona watu wakifunguliwa. Ninayemuwaza ni yule aliyekaa viti vya nyuma ambaye habari yake haijafika hapo. Bado anaumwa. Usiku bado anakesha kwa mawazo. Akiambiwa asome Neno mbele za watu, karatasi inatetemeka mkononi. Huyo tumemwekea nafasi gani ya kusimama, na akisimama aseme nini?

Ukisoma 2 Wakorintho 12 kwa utulivu utaona Paulo amekaa kiti kimoja na huyo mtu. Anasema alipewa mwiba katika mwili, akamsihi Bwana mara tatu umtoke. Jibu likaja: "Neema yangu yakutosha; maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ukabaki. Halafu anahitimisha, "Maana niwapo dhaifu ndipo nilipo na nguvu." Anaongea habari ya leo yake, siyo ya zamani. Udhaifu upo na nguvu ipo, ndani ya mtu mmoja, saa ileile. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo katika uzi huu: nguvu ya Mungu inakuja kukaa juu ya udhaifu wako ukiwa bado ni udhaifu. Tukifundisha kwamba lazima kwanza uishe ndipo Mungu aonekane, tunawafungia mlango watu wengi ambao Mungu tayari anafanya kazi ndani yao.

Sasa tuangalie aliyaandika maneno hayo kwa nani, maana bila hilo tunayafanya kuwa maneno ya kubandika ukutani tu.

Korintho ilibomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo, ikakaa gofu kwa takriban karne moja, kisha Julius Caesar akaagiza ijengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi waliopelekwa kuishi pale walikuwa watumwa walioachwa huru, watu waliopanda ngazi kwa biashara na juhudi zao. Ulikuwa mji wa kujionyesha. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pale jiwe lenye jina la Erasto, likitangaza kwamba aliitandaza sakafu ile ya mawe kwa fedha yake mwenyewe. Hiyo ndiyo hewa waliyoivuta Wakristo wa Korintho. Msemaji hodari alikuwa na mashabiki wake, na mtu asiyejua kujinadi alihesabika si kitu.

Ndani ya kanisa hilo wakaingia wahubiri wenye barua za sifa, wenye kauli nzuri na mwonekano. Paulo anawaita mitume walio wakuu. Na maneno ya mtaani kuhusu Paulo mwenyewe anayanukuu bila kuyaficha: "Nyaraka zake ni nzito, hodari, bali akiwapo mwilini ni dhaifu, na maneno yake si kitu." Jiweke kwenye nafasi yake. Kanisa ulilolianzisha, ukakaa nalo mwaka na nusu huku ukishona mahema ili upate riziki, linasema ukisimama mbele huna mvuto.

Angeweza kuwajibu kwa orodha ya mafanikio, na katika sura ya 11 anaanza kama anayetaka kufanya hivyo. Ila soma alichoorodhesha. Mapigo arobaini kasoro moja, mara tano. Bakora mara tatu. Mawe mara moja. Kuvunjikiwa na jahazi mara tatu. Njaa, baridi, uchi, na juu ya hayo yote wasiwasi wa kila siku kwa ajili ya makanisa. Kisha anamalizia na tukio ambalo wengi tunalipita haraka: kule Dameski, liwali wa mfalme Areta alipokuwa anaulinda mji ili amkamate, Paulo alishushwa ndani ya kapu kupitia dirishani, ukutani, akatoroka.

Nakaa hapa kidogo, maana napaona ndipo penye uzito. Jeshi la Warumi lilikuwa na taji maalumu kwa askari wa kwanza kuupanda ukuta wa adui na kuingia mjini. Ilikuwa moja ya heshima kubwa ambazo askari angeweza kupata. Na Korintho ilikuwa koloni la Kirumi, habari za taji hizo hazikuwa ngeni kwao. Paulo anawaambia watu hao: mimi na ukuta tunafahamiana, ila mimi nilikuwa nashuka. Usiku, nimejikunja kapuni, watu wengine wameshika kamba, na maisha yangu yote yanategemea kwamba hawataiachia. Kumbuka pia alivyokuja mji huo. Alitoka Yerusalemu na barua za kukamatia watu, akaingia Dameski kipofu ameshikwa mkono, na sasa anatoka kama mzigo. Hiyo ndiyo habari aliyoichagua kuwekea muhuri madai yake kwamba ni mtume.

Baada ya kapu ndipo yanakuja maono ya mbingu ya tatu, ambayo alikaa nayo miaka 14, na hata alipoyataja hakutuambia alichosikia huko. Kisha mwiba. Yaani mbinguni anatuficha, kapuni na mwibani anatuonyesha.

Mwiba ulikuwa nini hasa? Watu wamebishana tangu enzi za mababa wa kanisa. Wapo wanaosema macho, kwa sababu aliwaandikia Wagalatia kwamba wangeweza kung'oa macho yao wampe. Wapo wanaosema homa za mara kwa mara, kifafa, au wapinzani waliomwandama. Paulo hakusema, na sioni faida ya kukomaa na swali hilo. Angeutaja kwa jina, mwenye ugonjwa huo angefarijika, na sisi wengine tungesema hilo fungu halituhusu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza. Mtu akifiwa, akiuguliwa, akiachwa, tunamwendea na kumwambia, "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba." Tunasema kwa upendo, najua. Lakini andiko tunaloliegemea, 1 Wakorintho 10:13, linahusu majaribu ya dhambi. Paulo alikuwa anawaonya kuhusu ibada ya sanamu na uasherati, kwamba Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyohuyo aliandika katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba huko Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kuliko nguvu zetu. Anasema mzigo ulizidi. Na sababu anaitoa mstari unaofuata: wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Kwa hiyo mama aliyezika mtoto akikwambia "hili siliwezi", usimsahihishe. Amesema kweli, na amesema kama mtume alivyosema.

Kuna na hili la kupima imani ya mtu kwa afya yake. Mikononi mwa Paulo, kule Efeso, Mungu alifanya miujiza hata leso zilizotoka mwilini mwake zikapelekwa kwa wagonjwa wakapona. Kule Malta baba yake Publio aliponywa homa na kuhara damu kwa maombi ya Paulo. Mtu huyohuyo anaandika, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Timotheo naye, Paulo anamshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Epafrodito aliugua karibu na kufa, akapona, na Paulo anasema Mungu alimhurumia. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeambiwa imani yake ndogo. Sijui tumeipata wapi haki ya kuwaambia wenzetu.

Swali ambalo mtu wa viti vya nyuma atauliza ni hili: hiyo nguvu inaonekanaje, kama siioni mwilini wala sijisikii kuwa nayo?

Mtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka Karmeli ambako moto ulishuka, Yezebeli ametuma neno moja tu la kumtisha, naye amekimbia jangwani, ameketi chini ya mretemu anaomba afe. Mungu hakuanza na mahubiri. Malaika alimgusa, akamwambia inuka ule. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Mbingu yenyewe inakubali kwamba safari imemzidi, na bado hailaumu. Inampa chakula na usingizi, na kwa nguvu ya chakula hicho akaenda mpaka Horebu. Wakati mwingine nguvu ya Mungu iliyo juu yako leo ni kwamba umeweza kula.

Au mwangalie Paulo tena, safari hii Makedonia. 2 Wakorintho 7: mwili haukupata nafuu, "nje palikuwa na vita, ndani hofu." Faraja ikaja vipi? "Lakini Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito." Mtu amefika mlangoni. Ni hivyo tu, rafiki amefika, na Paulo anaita hiyo faraja ya Mungu. Musa naye vita na Waamaleki ilipigwa huku Haruni na Huri wamemshikilia mikono, mmoja upande huu na mmoja upande huu, kwa sababu mikono ilikuwa mizito. Ukiuficha udhaifu wako kwa kila mtu, unamfungia Tito mlango.

Kwenye kikundi chetu cha maombi kuna dada mmoja aliyesimama wakati wa shuhuda akasema, "Sijapona. Nimekuja kusema kwamba sijapona, na bado naomba." Kisha akaketi. Watu walishindwa kujua kama wapige makofi. Mzee mmoja akaanza kuimba taratibu, wengine wakafuata. Baada ya ibada niliona watu watatu wamemzunguka pale kwenye benchi, kila mmoja anamwambia jambo lake ambalo hakuwahi kulisema. Mahubiri ya siku ile yalikuwa mazuri, lakini yaliyowafungua watu midomo ni maneno yale machache. Ndiyo ile 2 Wakorintho 1:4, faraja tuliyopewa tunawafariji nayo wengine, na yeye alikuwa hajatoka bado kwenye shida yake.

Historia ya kanisa nayo ina watu wa namna hii. Charles Spurgeon wa London alikuwa na miaka 22 mwaka 1856 alipokuwa akihubiri kwenye ukumbi wa Surrey Gardens, watu wamejaa pomoni. Mtu akapiga kelele za uongo kwamba kuna moto. Watu wakakanyagana, saba wakafa. Spurgeon alitolewa pale akiwa hajiwezi, na huzuni nzito ikawa inamrudia maisha yake yote, pamoja na ugonjwa wa jongo uliomlaza kitandani mara nyingi. Hakuficha. Aliwaambia waumini wake na wanafunzi wake wa uchungaji kuhusu vipindi hivyo vya giza waziwazi, katika zama ambazo kiongozi hakutarajiwa kusema hivyo. Akahubiri mpaka karibu na kifo chake mwaka 1892.

Huyo habari yake inapendeza kusimulia. Ya William Cowper ni ngumu zaidi, na ndiyo maana naileta. Alikuwa mshairi Mwingereza, aliyezaliwa 1731. Alifiwa na mama akiwa mtoto wa miaka sita, alijaribu kujiua zaidi ya mara moja. Alipookoka akawa rafiki wa John Newton, yule nahodha wa meli za watumwa aliyegeuka kuwa mchungaji, wakatunga tenzi pamoja. Mwaka 1773 giza likamrudia kwa nguvu, akaamini kwamba Mungu amemkataa yeye binafsi, na wazo hilo halikumwachia vizuri mpaka alipofariki mwaka 1800. Newton hakumtupa. Tenzi za Cowper zimewashika mkono watu wengi wasiohesabika, na mtunzi mwenyewe alikuwa hasikii alichowapa wengine. Sina maelezo mepesi ya hilo. Nasema tu kwamba mtu akinambia nguvu ya Mungu lazima mwenye nayo aijisikie, namkumbuka Cowper.

Na juu ya wote yupo Bwana mwenyewe. Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, kama Paulo na mwiba wake, na kikombe kikabaki. Paulo anasema alisulibiwa katika udhaifu, lakini anaishi kwa nguvu za Mungu. Tukiona aibu juu ya udhaifu, tutafika mahali tuone aibu juu ya msalaba.

Karibuni.

Mchangiaji, posti ya 2

Mtumishi, nimesoma yote, umeandika vizuri ila naogopa mwelekeo. Kinywa kina nguvu ya uzima na mauti. Yoeli 3:10 inasema wazi, "aliye dhaifu na aseme, Mimi ni hodari." Mkristo akianza kukiri udhaifu anaupa shetani nafasi. Sisi tunakiri ushindi hata kama hatuuoni.

Mleta mada

Ndugu yangu, asante kwa kuja na andiko. Nakuomba ulisome na mistari inayolizunguka. Kuanzia mstari wa 9 ni mwito kwa mataifa: tangazeni haya katika mataifa, takaseni vita, yafueni majembe yawe panga. Wanaitwa kwenye bonde la Yehoshafati, na mstari wa 12 unasema Mungu ataketi huko awahukumu. Kwa hiyo wanaoambiwa "mimi ni hodari" ni maadui wa Mungu wanaokusanywa kushindwa. Wimbo wa ushindi tulioutoa hapo ulikuwa wa upande wa pili.

Kuhusu kukiri, mimi pia naamini katika kukiri. Daudi anasema katika Zaburi "unifadhili, kwa maana ninanyauka" na "Bwana ni nuru yangu na wokovu wangu" kwa kinywa kilekile. Kumwambia Mungu hali ilivyo ni maombi. Hata shetani hapati habari mpya hapo.

Gideoni alipunguziwa jeshi kutoka watu 32,000 hadi 10,000, kisha 300, na Mungu akatoa sababu kabisa: Israeli wasije wakasema mkono wangu mwenyewe ndio ulioniokoa. Alichohofia Mungu pale ni watu kujiona hodari.

Mchangiaji, posti ya 4

Shalom. Mimi nina miaka kadhaa natumia dawa za msongo wa mawazo. Kuna mtumishi aliniambia kuzimeza ni kukosa imani, niziache, neema yatosha. Niliposoma kichwa cha uzi nikaogopa kwamba ni yaleyale. Naomba uniweke sawa.

Mleta mada

Pole sana dada, na asante kwa kuandika. Usiache dawa kwa neno la mtu asiye daktari wako. Dawa za aina hiyo kuziacha ghafla kunaweza kukuletea madhara, na kama unataka kupunguza, anayejua namna ya kupunguza ni yule aliyekuandikia. Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa tabibu, Paulo anamwita tabibu mpendwa, na hatusikii akimwambia aache kazi yake. Hezekia alipougua akamwomba Mungu, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

"Neema yangu yakutosha" ni maneno ambayo Yesu alimwambia Paulo baada ya Paulo mwenyewe kuomba. Mtu mwingine hana ruhusa ya kukutumia hayo kama amri ya kukunyima msaada. Ukiamka, ukameza dawa, ukasali hata kama sala ni neno moja, umemtegemea Mungu siku hiyo.

Na ukifika mahali mawazo ya kutaka kufa yanakuja, mwambie mtu siku hiyohiyo, nenda hospitali. Eliya hakuachwa peke yake chini ya mti.

Mchangiaji, posti ya 6

Mkuu, mimi udhaifu wangu ni pombe. Nimeombewa sana. Nikisoma hii nasikia kama Mungu ananiambia nikae nao tu, nguvu yake itatimilika humo humo. Ni sawa?

Mleta mada

Hapana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza wazi maana wapo wengine wanaowaza hivyo kimya kimya.

Angalia orodha ya Paulo katika 12:10: udhaifu, ufidhuli anaofanyiwa, misiba, adha, shida. Ni mambo yaliyompata. Dhambi haimo, na sura hiyohiyo ikielekea mwisho anasema anahofia kuwakuta wengine hawajatubu. Kuna ulevi kama tendo, huo unatubiwa. Na kuna kushindwa kujinasua peke yako, huo ndio udhaifu, na hapo ahadi inakuhusu kabisa. Mtu anayesema "siwezi kuacha peke yangu" amefika mahali pazuri kuliko anayesema kila Jumatatu kwamba safari hii ataweza.

Ukisema huwezi, basi panga maisha kama mtu asiyeweza. Usipite njia ile. Pesa akushikie mwenzako. Kaa na watu walioacha. Na kama umekunywa kwa wingi na kwa muda mrefu, mwone daktari kabla ya kukata ghafla, mwili unaweza kuleta degedege. Petro aliambiwa na Yesu kabla hajaanguka, "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Anguko lilijulikana, na kazi ya baadaye tayari ilikuwa imepangwa. Ukianguka tena, rudi siku hiyohiyo, usisubiri mwaka mpya.

Niongeze jambo hapa kwa wote, maana linatumika vibaya. Anayepigwa nyumbani asiambiwe huo ni mwiba wake avumilie. Paulo mwenyewe alikimbia Dameski, na kule Yerusalemu walipotaka kumchapa viboko alidai haki yake ya uraia wa Rumi. Kapu lilikuwa njia ya Mungu ya kumtoa. Ukipata kapu, panda.

Mchangiaji, posti ya 8

Mimi ni mchungaji. Sitataja kanisa. Nimechoka kiasi ambacho siwezi kukieleza, nahubiri nikiwa mtupu ndani. Nikisema madhabahuni, kanisa litayumba. Nisiposema nitaanguka. Unanishauri nini?

Mleta mada

Mchungaji, pole, na ubarikiwe kwa kuandika hayo.

Sidhani lazima uanzie madhabahuni. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba ana mwiba, na hakuwaambia ni nini. Alisema kiasi cha kuwasaidia. Gethsemane Yesu aliwaacha wanafunzi wengine kando, akawachukua watatu, akawaambia, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Mwana wa Mungu aliomba watu wakae naye. Hakuwaomba ushauri.

Na unajua kilichotokea, wale watatu walilala. Alirudi akawaamsha, wakalala tena. Nalisema hili kwa sababu huenda ulishajaribu kumwambia mtu akakuangusha, ukajifunga. Kuangushwa huko kulimpata hata Bwana, na malaika akatokea kumtia nguvu. Luka ndiye anayetuambia.

Tafuta mmoja, asiye mshirika wako, pengine mchungaji mwenzako aliyekuzidi umri. Mwambie mapema unachohitaji, kwamba akusikilize mpaka mwisho na aombe na wewe, ushauri usubiri siku nyingine. Kisha zungumza na wazee wako kuhusu likizo. Waambie umechoka, hilo linatosha kwa kuanzia. Usingizi na chakula usivione ni mambo madogo, Eliya alipewa hivyo mara mbili kabla ya kuulizwa swali lolote. Na Jumapili ambayo utakuwa mtupu na bado zamu ni yako, soma Zaburi mbele ya watu polepole, mfanye maombi, mwende nyumbani. Kanisa litalishwa.

Nimekutumia ujumbe wa faragha, angalia ukipata nafasi. Wengine mlioandika faragha nawajibu mmoja mmoja kesho. Aliye na swali kuhusu Yakobo na nyonga yake, ambalo nimeona limeulizwa kule, alilete hapa hapa, ni refu na linahitaji posti yake.